Kabureta ya Marehemu Mume Wangu

Kuna watu hapa Mtoni wakikutana na mie njiani wananisalimia huku wanaangalia miguu yangu, na hawaangalii viatu. Wanaangalia miguu kwa sababu wameshaiona, yote miwili, mpaka juu ya magoti, mchana kweupe, siku niliyotoka eda, mbele ya baba mkwe wangu na sheikh na mkeka mzima wa wazee wa ukoo waliokuja na kanzu zao zilizopigwa pasi. Nimeona niandike mwenyewe, maana habari hii imeshanizunguka ikanirudia imeota mikono (juzi mwanamke mmoja bombani alinisimulia mkasa wangu mwenyewe bila kunijua, na kwenye wake mie nilikuwa uchi kabisa na pikipiki ilikuwa inasoma Yasini). Haikusoma Yasini. Ilikohoa tu. Na mie sikuwa uchi, nilikuwa na gagulo.

Mume wangu alikuwa anaitwa Shaweji. Alikuwa tarishi wa ofisi moja kule mjini, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na watu wakaanza kuleta pikipiki kuukuu za Kijapani kutoka Dubai, naye akajipatia ya kwake, nyekundu, tangi limebonyea ubavuni. Mie nilikuwa siruhusiwi kuigusa hata kuifuta vumbi. Nilikuwaga nasimama mlangoni na kidato cha nne changu na alama zangu nzuri za Fizikia, namwangalia anafungua na kufunga vidude, nikiuliza hiki nini ananiambia, "Mama Zuhura, kaangalie wali." Akaiendesha miaka miwili, kisha kifua kikamshika. Siku moja akaisukuma mwenyewe mpaka stoo ya nyuma, akaifunika turubai, akasema ataitoa akipona.

Hakupona. Alikohoa miaka mitatu, na kikohozi chake kilikuwa na mpangilio wake, mtu yeyote wa nyumba ile angekwambia: vitatu vifupi vikavu, kimya, halafu kimoja kirefu cha kuvuta, kama mtu anaburuta kiti kwenye sakafu. Na mama yake, Bi Tatu, awe jikoni, awe uani, awe anachambua mchele na wenzake, alikuwa anajibu, "Pole, baba." Kila mara. Hakuwa hata anainua kichwa. Kikohozi na pole, kikohozi na pole, ikawa ndiyo saa ya nyumba yetu.

Alipofariki nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna kutoka nje, hakuna kuonana na mwanamume asiye maharimu. Na hata arobaini haijafika, nikiwa nyuma ya pazia na mwanangu amelala mapajani, nikamsikia shemeji yangu Hamisi, mdogo wa marehemu, anamwambia baba yake pale barazani:

"Baba, lile dude stoo nalichukua. Si pikipiki tena lile, ni chuma. Nikavunje spea."

Nikasema kutoka nyuma ya pazia (sikutakiwa kusema, nikasema): "Shaweji alisema ni ya Zuhura."

"Alisema mbele ya nani?" Hamisi akauliza.

"Mbele yangu."

"Wewe na nani?"

"Mie na yeye."

"Ah. Basi twende tukamuulize yeye."

Watu wakacheka. Kwenye msiba wa kaka yake, watu wakacheka. Nikang'ata ukingo wa kanga ili nisitoke nikamchania shati. Baba mkwe, Mzee Kondo, hakucheka. Yule mzee huwa anakaa kimya mpaka unadhani amesinzia, kisha anatoa neno moja na limekwisha. Akasema: "Siku mwali wetu anatoka eda, watu wakiwepo, itapigwa kiki. Ikiwaka, ni pikipiki, itabaki kwa mama wa mtoto. Isipowaka ni chuma, Hamisi ataondoa chuma chake."

Nieleweni jambo hili, maana ndilo lililonifanya niwe kichaa. Mie eda ikiisha nilikuwa narudi kwa mama yangu Kijichi, na mama yangu ana vyumba viwili na watu tisa. Kurudi pale na mtoto na mikono mitupu ni kurudi kuwa mdomo wa kulishwa. Kurudi na pikipiki ni mambo mengine: nilishapanga kichwani, ndoo mbili za vitumbua nyuma, alfajiri nizungukie vibanda vyote vya chai Barabara ya Kilwa kabla wenzangu hawajafika kwa miguu. Mwanamke kuendesha pikipiki hapa kwetu watasema, nilijua watasema, nikaona waseme nimeshiba.

Basi nikaingia stoo.

Kitabu chake kilikuwepo, cha Kiingereza, kimelowa mafuta, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayejiandaa na mtihani. Kuhusu pikipiki iliyolala muda mrefu kilisema wazi: anza na kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ikikaa humo ndani haibaki petroli, inakauka inakuwa ulimbo, inaziba vitundu ambavyo ni vidogo kuliko tundu la sindano, na mipira na gasketi zinazozuia kuvuja zinakakamaa na kupasuka. Uisafishe yote, uizibe upya, ndipo injini ipumue. Hilo neno, ipumue, ni langu, na laiti nisingelileta.

Maana stoo ile ilikuwa na mambo yake. Nilikuwa naingia baada ya alasiri, wakati nyumba imetulia, nafungua kidirisha, na turubai lile lililofunika pikipiki lilikuwa linapanda, linashuka. Polepole. Linapanda, linashuka. Ni upepo uliokuwa unapita chini ya mlango, nililijua hilo, nikaweka gunia mlangoni kuuzuia. Siku ile likatulia. Kesho yake nikaingia gunia lipo palepale na turubai linapanda, linashuka. Nikasimama na bisibisi yangu mkononi, nguo nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni (ukinikuta pale ungenikimbia mie, siyo pikipiki), nikasema kwa sauti, "Nimekuja kusafisha kabureta tu." Kwa nani, sijui. Kidato cha nne kizima kinaongea na turubai.

Nikaifungua. Skrubu nne za chini, ukizitoa bakuli linadondoka mkononi, ndimo inamokaa petroli. Harufu iliyotoka ilikuwa chungu, kali, kama rangi iliyooza, ikanipanda kichwani ikakaa humo wiki nzima nisisikie hata harufu ya samaki. Ndani ya bakuli kulikuwa na ukoko wa kahawia, mgumu, unang'aa kama asali iliyoganda. Na katikati ya ukoko kulikuwa na dole gumba. Alama yake, namaanisha. Mistari yote imetimia, na kile kikovu cha pembeni alichokatwa na kopo la maziwa mwaka tuliooana. Alifungua kabureta hii mara ya mwisho akiwa mzima, akagusa pale, ulimbo ukaganda na kidole chake.

Nilikaa nayo mapajani mpaka kukawa giza humo ndani. Nikajaribu kuweka dole langu juu ya lake, halikujaa. Kisha nikakasirika, maana yeye kidole kakiacha kwenye kabureta na mie kaniachia Hamisi, nikachukua mswaki mkuukuu nikasugua mpaka bati likawa jeupe. Nililia, lakini nilisugua.

Wifi yangu Mwajuma ndiye alikuwa mguu wangu wa nje. Alikuwa anapeleka maswali yangu kwa fundi mmoja wa pale barabarani, anarudi na majibu. Fundi akasema uichemshe kwenye maji ya ndimu. Nikaichemsha. Bi Tatu akaingia jikoni akafunua sufuria akakuta vyuma vinatokota na ndimu ishirini.

"Unampikia nani hiki?" akaniuliza.

"Ni kabureta, mama."

Akafunika. "Majirani wameshaniuliza mara mbili mjane anachemsha nini kila siku jua likielekea kuzama. Nimewaambia mchuzi wa ukwaju." Akatoka, akarudi. "Usiweke chumvi, itashika kutu."

Nikazibua vitundu kwa unywele mmoja wa brashi ya viatu (waya hautakiwi, unapanua tundu, ukurasa wa kumi na moja). Gasketi nikakata mwenyewe kwa wembe, kutoka jalada gumu la daftari langu la Fizikia. Fundi akasema mpira wa tyubu usitumie, petroli inauvimbisha. Karatasi ngumu inafaa, ila ile ya kwenye bakuli uipake sabuni ya mche pande zote mbili, sabuni haiyeyuki kwa petroli, itaziba.

Na hapa ndipo nilipojichimbia. Fundi alisema ya kwenye bakuli, chini, ambako kuna baridi. Mie nikaangalia kule pembeni, pale kabureta inapoungana na injini, nikaona na pale gasketi yangu haijakaa vizuri, nikasema kama sabuni inafaa chini itafaa na pembeni. Sikumtuma Mwajuma akaulize. Nilikuwa nimechoka kuuliza, nilikuwa najiona fundi. Sabuni yangu ilikuwa imekwisha. Nikapapasa juu ya boriti ya stoo nikapata kopo, ndani yake nusu mche, nikaipondaponda, nikaipaka kote, nene, kama siagi.

Jambo moja lilinishinda: ufunguo. Hatukuuona ufunguo wa pikipiki ile, tulipekua mifuko yake yote, godoro, viatu. Mpaka leo hatujauona. Na bila ufunguo pikipiki ile inabaki imezimwa, kwa hiyo nikasoma mchoro wa nyaya na nikaukata waya wa kuzimia. Nilijipongeza. Sasa itawaka bila ufunguo. Kwamba pia haitazimika, hilo halikuniingia akilini, na msiniulize kwa nini.

Kuijaribu sikuweza. Bi Tatu alikataa katakata, ndani ya eda nyumba hailii injini, ngoja siku yake. Petroli yenyewe Mwajuma aliileta asubuhi ya siku ileile.

Siku yenyewe wanawake waliniogesha mapema, wakanifukiza udi, wakanivika doti mpya ya kanga, moja kiunoni, moja kichwani. Dua ikasomwa, pilau likaliwa. Uani na barazani palikuwa na watu kama themanini. Wazee walikaa kwenye mkeka barazani, Mzee Kondo na sheikh katikati, Hamisi pembeni yao na kamba mkononi (kamba, jamani, alikuja na kamba ya kukokotea). Nikaisukuma mwenyewe kutoka stoo mpaka pale barazani penye sakafu ya saruji, nikaisimamisha kwenye stendi, hatua kama saba kutoka kwenye mkeka.

"Shemeji, usije ukaumia mguu," Hamisi akasema. "Chuma hakiumwi, utaumwa wewe."

"Kaza kamba yako," nikamwambia.

Nikafungua koki ya mafuta, nikasikia bakuli linajaa, halivuji hata tone. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya, na mtu huko nyuma akacheka puani. Nikapiga ya tatu kwa nguvu zote, kwa ajili ya ule mcheko.

Ikakohoa.

Vitatu. Vifupi, vikavu. Kisha kimya, na kiki ikawa inapanda yenyewe taratibu chini ya mguu wangu, na kabureta ikavuta pumzi moja ndefu, kama mtu anaburuta kiti kwenye sakafu.

Na kutoka jikoni, bila hata kusitasita, kwa sauti ileile ya siku zote, Bi Tatu akajibu:

"Pole, baba."

Kijiko kililia kwenye sinia mahali fulani na hakikulia tena. Bi Tatu akatokea mlangoni na upawa mkononi, akatuangalia mmoja mmoja, nikaona uso wake unakumbuka. Ulimi ulijibu kabla ya kichwa.

Mie ningeacha pale, ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini nikamwona Hamisi anaizungusha ile kamba, nikapiga kiki ya nne, na pikipiki ikawaka.

Ikawaka vizuri, nawaambia. Ilinguruma laini kama siku zake za Dubai, Mwajuma akapiga kigelegele, wanawake wakamfuata kwa woga woga, Mzee Kondo akaitikia kwa kichwa mara moja. Imewaka. Nilikuwa nimeshinda. Kwa muda wa kuhesabu mpaka sitini hivi, nilikuwa nimeshinda.

Kisha sauti ikaanza kupanda. Sikuwa nimegusa eksileta, mikono yangu yote ilikuwa kwenye tangi. Ilipanda yenyewe, polepole, kama mtu ambaye hasira inamjia. Nikashika eksileta nikaizungusha kuirudisha, ilikuwa imesharudi, haina pa kwenda, na sauti inapanda. Halafu harufu ikaja. Siyo ya petroli. Ilikuwa baridi, tamu, ya kuingia puani kama maji, na kila mtu pale aliijua kwa sababu mara ya mwisho tuliinusa wote pamoja, katika nyumba ileile, siku tuliyomtoa Shaweji mlangoni.

"Karafuu maiti," mwanamke mmoja akasema taratibu, kama anayetaja jina la mtu anayepita.

Pikipiki ilikuwa inanukia karafuu maiti.

Mie na Fizikia yangu nikainama nikafunga koki ya mafuta. Nilijua: ukifunga mafuta injini itakufa. Haikufa. Ilipiga ukelele mkali zaidi, mwembamba, wa juu, na ikaanza kutetemeka kwenye stendi yake, na kwa kutetemeka ikaanza kutembea. Pale juu ya saruji. Bila mtu, bila gia, stendi inagonga, ko, ko, ko, kidogo kidogo, kama mgonjwa anayejifunza kutembea, inaelekea kwenye mkeka wa wazee.

Mkeka ukabaki na viatu tu. Wazee wa miaka sabini niliwaona wakiruka karo la kuoshea vyombo. Sheikh alirudi nyuma huku anasoma kwa sauti, na kwa haki yake niseme hakukimbia, alirudi nyuma tu, mpaka akaketi kwenye sufuria la pilau. Hamisi alikuwa juu ya ukuta wa choo na kamba yake. Mzee Kondo peke yake ndiye aliyebaki amekaa, miguu ameikunja, anaitazama inamjia.

Akili ilinituma waya wa kuzimia, nikakumbuka nimeukata. Kukabaki kitu kimoja, kuiziba mdomo ikose hewa. Nilihitaji kitambaa. Nilikuwa na kanga mbili, ya kichwani na ya kiunoni, na baba mkwe yupo pale, na kwa namna nilivyolelewa mwanamke havui kanga ya kichwani mbele ya baba mkwe wake. Basi nikavua ya kiunoni. Naapa wakati ule nilidhani ndiyo adabu.

Nikaikunja, nikaishindilia kwenye mdomo wa kabureta kwa mikono miwili. Ikaivuta. Ilivuta kanga kwa nguvu kama mtoto anyonyaye, inakoroma, inajitutumua, inakohoa chini ya viganja vyangu, moto, na mie nimepiga magoti na gagulo langu nimeikandamiza mdomo, na harufu ile usoni kwangu, na hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu. Nikaanza kusema naye. Kwa sauti kubwa, maana injini ilikuwa inalia na nilitaka asikie.

"Shaweji, nisamehe. Shaweji, nyamaza, nimekuelewa. Alfajiri ile uliniita. Nilikusikia. Uliniita mara mbili, nilikuwa macho, nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimechoka na wewe, nikajifunika shuka..."

Na injini ikafa. Ikafa pale pale, na sauti yangu haikuwahi kusimama, kwa hiyo maneno ya mwisho yalitoka ndani ya kimya, makavu, mpaka kwa jirani:

"...nikajifanya nimelala, mpaka ulipoacha kuita."

Niligeuka. Themanini wote. Wengine ukutani, wengine nyuma ya mlango, mwanangu Zuhura amebebwa na Mwajuma, wote wananitazama nimeshikilia pikipiki mdomo, na kanga mpya iliyoliwa nusu, na miguu yangu hiyo ambayo sasa ni mali ya mtaa. Alfajiri ile ndiyo aliyofia. Kila mtu alijua hivyo. Nilikuwa nimewaambia wote kwamba niliamka asubuhi nikamkuta amekufa.

Nilizinduka Mzee Kondo akijikohoza (watu watatu walishtuka). Akasema, "Imewaka. Ni ya mama wa mtoto."

"Mie siitaki," Hamisi akasema kutoka ukutani. "Hata ungenipa."

"Hujapewa," mzee akamjibu. Kisha akanigeukia, akiangalia juu ya kichwa changu kwa heshima. "Ila isilale hapa, mwanangu. Leo hii itoke."

Nikapewa kanga ya mtu. Nikaisukuma pikipiki yangu kuelekea Kijichi, kwa mikono, mimi mwali wa kutoka eda, na madirisha yakifungwa mbele yangu moja baada ya jingine. Nilikuwa na hasira na kila dirisha. Nilikuwa na hasira na yule fundi, ambaye baadaye, Mwajuma alipomsimulia, aliniletea salamu kwamba ningechomoa tu kofia ya plagi ingezima (ukurasa wa ishirini, nilikuwa naujua kwa moyo, asiniambie kitu). Joto la injini liliyeyusha sabuni yangu, hewa ikaingia pembeni, pikipiki ikavuta hewa tupu ikapagawa, na mafuta yaliyobaki kwenye bakuli yakailisha hata koki ilipofungwa; kila kitu kina sababu yake. Hata harufu. Lile kopo la kwenye boriti lilikuwa la waoshaji, sabuni iliyobaki siku ya kumwosha, pamoja na vipande vya karafuu maiti. Badala ya kulifukia, mtu fulani alilichomeka pale. Mie na pua yangu iliyokufa kwa petroli nikapaka. Turubai sijalipatia sababu. Sijatafuta sana.

Kwenye mteremko ule wa kabla ya daraja nikahisi pikipiki imekuwa nyepesi. Nikageuka, Bi Tatu alikuwa nyuma anasukuma, amevaa ndala zisizofanana.

"Mama, rudi, watu wana maneno."

"Sukuma."

Tukasukuma. Tulipofika darajani akasema, bila kuniangalia, anaongea na taa ya nyuma: "Alfajiri ile aliita mara tatu. Wewe umesikia mbili."

Nikasimama.

"Ya kwanza ulikuwa umelala kweli," akasema. "Mie nilikuwa macho toka ya kwanza. Mlango wangu na wake hatua nne. Nikasema mke wake yupo, ataamka." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Miaka mitatu nimesema pole, baba. Siku ile sikusema. Sukuma, jua linakwenda."

Nilishika usukani nikaelekeza, yeye akasukuma, mpaka kwa mama.

Ninaiendesha sasa, gasketi imekatwa upya na haina sabuni, ufunguo nimechongesha mwingine. Vibanda vyote vya Barabara ya Kilwa wanakula vitumbua vyangu, ingawa kuna wawili wanaochukua huku wamesimama mbali na tangi. Nimeapa sitamwomba mtu msamaha tena mbele ya watu kabla sijafungua skrubu nne za chini nikaangalia kuna nini ndani. Na nimeapa jingine, ila hili halina kicheko. Zuhura anaita alfajiri. Anataka maji, anataka nimkune mgongo, mara nyingine hataki chochote, anaita tu aone kama nipo, na nadhani ameshajua kwamba nitakuja, ndiyo maana anazidi. Naamka. Nimenuna, namgombeza njia nzima kutoka kitandani mpaka kwenye mtungi, lakini ile ya kwanza tu akiita, nimeshaweka miguu chini.